Subiri Zamu Yako: Jioni za Poka Mjini Las Vegas

Katika poka mtu ana ruhusa ya kudanganya kutwa kucha. Anaweza kushika karata za ovyo akakaa mkao wa mshindi, au akashika karata za kumaliza kazi akaguna kama mtu aliyefilisika, na hakuna atakayemwita mwongo. Watasema anaujua mchezo. Lakini huyohuyo akitupa karata zake sekunde mbili kabla ya zamu yake kufika, meza nzima itamgeukia kwa macho makali. Jambo hilo shemeji yangu alikuwa akinieleza kwenye simu miaka na miaka, nami nikidhani anatia chumvi, mpaka nilipokwenda kuwatembelea yeye na dada yangu Las Vegas nikakaa nyuma ya kiti chake.

Shemeji ni mtu wa Mombasa. Anaendesha teksi, na siku za mapumziko huenda kucheza poka ya dau dogo, kwa bajeti ambayo dada ameikubali na anaikagua. Mimi sichezi kamari, na nilimwambia hivyo tukiwa bado uwanja wa ndege, mahali ambapo mashine za kamari zinakupokea kabla hujaliona begi lako. Akacheka.

"Shemeji, nani kakwambia ucheze? Wewe utakaa utazame watu wazima wanavyolazimishwa kuwa na adabu."

Ilikuwa Julai. Joto la jangwa la Nevada si joto la Mombasa wala la Dar es Salaam: halikutoi jasho, linakukausha tu mpaka midomo inapasuka. Watu hutembea usiku. Jioni ya kwanza shemeji alinipeleka Fremont Street, mtaa wa zamani wa katikati ya mji, ambako historia ya mchezo huu inaanzia kwa upande wa Las Vegas. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931. Miaka 20 baadaye Benny Binion, mcheza kamari wa Texas mwenye rekodi ndefu ya kesi, alifungua Horseshoe katika mtaa huo, na mwaka 1970 akawaalika wacheza poka wachache waliokuwa na sifa kubwa Marekani. Walicheza, kisha bingwa akapatikana kwa kura. Inasimuliwa kwamba kura ya kwanza haikuzaa mshindi kwa sababu kila mmoja alijipigia mwenyewe. Walipoulizwa nani ni wa pili kwa ubora, wakamtaja Johnny Moss. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo, ila nimekutana na wacheza poka wa kutosha kuamini kwamba ingeweza kuwa hivyo.

Mwaka uliofuata wakaacha kura. Kila mtu alianza na kiasi sawa, na aliyebaki peke yake mezani ndiye bingwa. Hayo yakawa mashindano ya ubingwa wa dunia wa poka, na mtindo huo ndio unaotumika hadi leo kumpata bingwa.

Adabu ya mezani ina umri mkubwa kuliko Las Vegas. Poka ilikulia kwenye meli za mvuke za Mto Mississippi katika karne ya 19, mikononi mwa watu ambao wengi wao walikuwa matapeli wa karata, na fujo iliyowafuata haikuwa ya maneno. Mwaka 1835 wakazi wa Vicksburg, mji wa bandari kwenye mto huo, waliwanyonga wacheza kamari watano bila kesi. Agosti 1876, katika mji wa wachimba dhahabu wa Deadwood, Wild Bill Hickok alipigwa risasi ya kisogoni akiwa ameshika karata. Mahali ambapo kila mchezaji anaweza kuwa na bastola kiunoni, mikono inakaa juu ya meza, karata hazishuki mapajani, na mgawaji hutupa chini karata moja ya juu kabla ya kugawa zinazofuata, ili hata kama kuna mjanja aliyeitia alama, isimfae. Leo bastola hazipo mezani. Kamera ziko darini. Mikono bado inakaa juu.

Ukumbi aliozoea shemeji una meza chini ya 20, zulia lenye maua yanayoumiza macho, na baridi ya kiyoyozi iliyonifanya nijutie kuacha sweta. Kabla sijakaa aliniombea ruhusa kwa msimamizi. Nikapewa masharti: kiti changu kiwe nyuma yake moja kwa moja, nione karata zake tu, nisiseme neno, na uso wangu usionyeshe chochote. Sharti hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Kwetu mtu akikaa kando ya bao yeye ndiye mchezaji mkuu. Anashauri, anazomea, ananyoosha kidole, na aliyeshindwa anaambiwa apishe wenye mchezo wao. Pale karata za mtu mmoja huchezwa na mtu mmoja. Ukimnong'oneza, ukimtazama vibaya, hata ukikohoa kwa wakati usiofaa, umewaibia wengine wanane.

Mchezo wenyewe, kwa ambaye hajauona: kila mtu anagawiwa karata mbili za siri, kisha katikati zinafunuliwa karata tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila hatua ina mzunguko wa madau. Mwenye karata tano bora kutoka kwenye hizo saba ndiye anayekula kitita, au yule ambaye wenzake wote wamekimbia. Mbele ya mchezaji mmoja huwekwa kibao cheupe cha mviringo wanachokiita kitufe. Wawili wa kushotoni kwake wanalazimika kuweka dau kabla ya kuona chochote. Meza ya shemeji ilikuwa ya dola 1 na dola 3. Baada ya mzunguko wa kwanza, mwenye kitufe ndiye anayeamua wa mwisho, na kuamua wa mwisho ni fedha, kwa sababu umekwisha kuona wenzako wote wamefanya nini. Ndiyo maana kitufe hakikai. Kila mgao ukiisha kinasogea kiti kimoja kushoto. Mwenye mamilioni, mwenye mvi na mtalii aliyefika leo asubuhi, wote wanakisubiri kiwafikie.

Kuna mgao mmoja ulionifungua macho, na nitausimulia polepole.

Waliobaki walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee wa kofia pana, mpole, mwenye lafudhi ya kusini. Wa pili shemeji. Wa tatu, mwenye kitufe, kijana aliyevaa hedifoni na simu yake akiwa ameiegemeza kwenye rundo la chipu, anatazama mpira wa kikapu. Shemeji alikuwa na ree na kumi, zote za kopa. Katikati kulikuwa na karata nne: mfalme wa kopa, nne ya kopa, saba ya shupaza, mbili ya pau. Alihitaji kopa moja tu itokee mwisho, na karibu hakuna ambaye angemshinda. Karata ambazo hakuwa ameziona ni 46, na kopa zilizobaki humo ni 9. Yaani nafasi yake ilikuwa kama moja kwa tano.

Katikati kulikuwa na dola 80. Mzee akaweka 60.

Hesabu ya shemeji sasa ilikuwa hivi. Kulipa 60 ili kugombea 140, kwa nafasi ya moja kwa tano, ni kutupa fedha. Lakini kijana naye akilipa, kitita kinafika 200 kabla ya yeye kuongeza zake, na kopa ikitokea kutakuwa na watu wawili wa kukamua badala ya mmoja. Hapo hesabu inaanza kuvutia. Tena kuna hofu ya upande wa pili: kijana anaweza asilipe tu, akapandisha dau, na hizo 60 za shemeji zikawa zimekwenda bure. Kila kitu kilimtegemea mtu ambaye hajasema. Mzee aliujua mtego huo alipoweka dau lake. Alitaka shemeji aamue gizani. Nilimwona shemeji akiinua chipu mbili, akizirudisha, akiziinua tena. Ziliposogea mbele kidogo, nikadhani analipa.

Kijana, macho kwenye simu, akarusha karata zake mbele.

"Kwa zamu, tafadhali," mgawaji akasema, bila kupandisha sauti.

Shemeji akarudisha chipu zake, akatupa karata. Mzee akavuta kitita chote, hakuna aliyembishia, na bado uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. Akamgeukia kijana, akamgusa begani ili avue hedifoni.

"Mwanangu, umemsaidia mwenzako kwa fedha zangu. Siku nyingine msubiri."

Kijana akaomba radhi. Nadhani hakuelewa ameomba radhi ya nini, na si ajabu, kwani hakudanganya, hakuiba, wala hakupata kitu. Alikuwa amechoka na karata mbaya akataka ziondoke. Ila mzee alikuwa amelipa dola 60 ili shemeji asijue, na kijana akamjulisha bure.

Baadaye, tukinywa chai kwenye mgahawa wa jirani, shemeji alikiri kwamba alikuwa analipa. Kijana kamwokolea dola 60. "Na bado simsifu," akasema, "kwa sababu kesho atamfanyia mtu mwingine, na mwenye kuumia nitakuwa mimi."

Sheria nazo hazimhurumii mwenye haraka. Mtu akitenda kabla ya zamu, tendo lake linamfunga iwapo hali haijabadilika mpaka zamu inamfikia. Aliye mbele yake akipita tu, akilipa au akitupa karata, hali haijabadilika. Mwenye haraka atabaki na alichofanya. Aliye mbele akipandisha dau, mambo yanafunguka upya, ila karata zilizokwisha kutupwa hazirudi. Katika mashindano, mwenye kurudia makosa husimamishwa migao kadhaa huku madau yake ya lazima yakiendelea kuliwa. Kanuni hizi zilikuwa zinatofautiana ukumbi kwa ukumbi, kila msimamizi na lake, mpaka mwaka 2001 Matt Savage, Linda Johnson na wenzao walipounda chama cha wasimamizi wa mashindano na kuanza kuziandika pamoja. Kanuni yao ya kwanza haitaji karata. Inasema maslahi ya mchezo na haki ndiyo yanayotangulia katika uamuzi wowote wa msimamizi.

Mambo mengine unayaelewa kwa kutazama. Neno linafunga: ukisema "nalipa" katika zamu yako, umelipa, hata kama mkono haujagusa chipu. Chipu moja kubwa ukiirusha kimya inahesabiwa kuwa umelipa tu, hata kama moyoni ulitaka kupandisha. Mtalii mmoja alirusha chipu ya kijani ya dola 25, akabishana weee, akarudishiwa chenji. Na ile mbwembwe ya filamu za kauboi, mtu anasukuma chipu, ananyamaza, anamtazama mpinzani machoni, kisha anasema "na nyingine mia", haikubaliki popote. Dau linawekwa kwa mwendo mmoja au kwa kauli moja. Ukiweka kidogo ukasubiri uso wa mwenzako ubadilike ndipo uongeze, hilo ni kosa, na wanaolikemea zaidi ni wale ambao kudanganya ndiyo kazi yao. Udanganyifu wa poka una mahali pake, nao ni thamani ya karata zako. Kuhusu kiasi ulichoweka, zamu ya nani, na fedha ulizonazo, unatakiwa kuwa mkweli kabisa. Hata chipu kubwa zinakaa mbele ya rundo, pasiwe na atakayesema hakuziona.

Jioni nyingine alikaa mezani bwana mmoja wa Lubumbashi. Sijui shemeji alimtambuaje, lakini kabla hajapanga chipu zake walikuwa wamekwisha salimiana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake, wakicheka. Karata zikagawiwa. Mgawaji akainua kiganja: Kiingereza tu wakati mgao unaendelea. Hakuwa na ubaya. Wawili wakiongea lugha ambayo wengine hawaijui, wanaweza kuambiana walichoshika, na hao wengine watajuaje? Lakini salamu za Kiswahili haziishi kwa neno moja, na siku hizi karata zinachanganywa na mashine iliyofichwa mezani, kwa hiyo kati ya mgao na mgao kuna nafasi finyu sana. Ikawa hivi: "Habari za nyumbani?" Mgao. Kimya. Mtu anashinda, chipu zinavutwa. "Nzuri, na watoto?" Mgao. "Wazima, wako shule." Mgao. Walichukua karibu saa nzima kufika kwenye hali ya hewa ya Lubumbashi, na katika saa hiyo wote wawili walitupa karata zao kwa zamu bila kukosea. Mzee wa kofia pana akawa anacheka peke yake.

Mmoja wa wagawaji wa siku hiyo alikuwa mama wa Kihabeshi. Jamii ya Wahabeshi ni kubwa Las Vegas, na utawakuta katika teksi na katika meza za kamari. Alikuwa na utaratibu nilioupenda kuutazama: kila nusu saa hivi mgawaji mwingine anamgusa bega, naye anamaliza mgao, anapiga makofi mepesi, anageuza viganja juu na chini ili kamera zione hana kitu, ndipo anaondoka. Anayekula kitita humrushia chipu ya dola moja, yeye anaigonga mezani kuonyesha ameipokea, kisha anaitia mahali pake. Sehemu kubwa ya kipato chake ni hizo chipu. Ndiyo maana wenye adabu wanachukia mno kumwona mtu aliyeshindwa akimlaumu mgawaji, au kumrushia karata kwa hasira. Yeye hakuzichagua. Kwetu mkeka wa kubeti ukichanika watu humlaumu golikipa, na golikipa yuko mbali, hasikii. Pale anayelaumiwa yuko umbali wa mkono, na zamu yake ya kazi bado haijaisha.

Kuna kosa moja ambalo kanuni nyingi hazilipi jina la kosa, na ndilo linalochukiwa kuliko yote. Madau yamekwisha, mwenzako ameonyesha karata zake, na wewe unajua una karata zisizoshindika. Badala ya kuzifunua mara moja, unavuta pumzi, unatikisa kichwa, unamwacha aanze kukivuta kitita, ndipo unaziweka mezani moja moja. Huongezi hata senti. Fedha zilikwisha kuwa zako. Umechukua tu na furaha ya mtu, sekunde tano za bure. Nilimwona mtu akifanya hivyo, mtu wa makamo, na meza ile iliyokuwa ikiongea mpira na bei ya nyumba ikanyamaza kwake mpaka alipoondoka.

Televisheni nayo haikuisaidia adabu hii. Phil Hellmuth, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1989 akiwa na miaka 24, ana bangili nyingi za ushindi katika mashindano yale yaliyoanzia Horseshoe kuliko mchezaji yeyote, na pia ana jina la utani la mtoto mtukutu kwa jinsi anavyolalama akishindwa. Kamera zinampenda. Vijana wanaokuja kutoka kwenye poka ya intaneti wamemtazama yeye zaidi ya walivyowatazama wapole, tena intanetini kompyuta haikuruhusu kutenda kabla ya zamu, kwa hiyo hawajawahi kulazimika kujizuia wenyewe. Wako wengi tangu mwaka 2003, pale mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, na hilo ni jina lake la kuzaliwa, alipopata nafasi kupitia mchezo wa intaneti, akaingia mashindano hayo ya ubingwa, ya kiingilio cha dola 10,000, bila kuitoa mfukoni, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Miaka 20 baadaye, mwaka 2023, walioingia walikuwa 10,043. Umati huo wote unafundishika kwa njia moja tu, nayo ni mwenzako wa kiti cha pili kukugusa bega.

Nilikwenda kuyatazama mashindano hayo. Tangu mwaka 2022 yanafanyika kwenye barabara kuu ya kasino, katika hoteli mbili zilizoungana, moja ikiwa imechukua lile jina la zamani la Horseshoe. Ukumbi ni mkubwa kiasi kwamba huoni mwisho wake, na kinachosikika si kelele za watu bali chipu, maelfu ya vidole vikizichezea kwa wakati mmoja. Nilitafuta ugomvi, nakiri, kwa sababu ugomvi unaandikika. Sikuupata. Nilichokiona ni mamia ya meza za watu waliokuja kunyang'anyana fedha, kila mmoja akimtazama wa kulia kwake amalize.

Mashindano kwa kawaida huanza mwishoni mwa Mei na kuisha katikati ya Julai, na kutazama hakuna kiingilio. Aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuzubaa eneo la kamari, kwa hiyo watoto waache hotelini na mtu mzima. Beba sweta. Simama nje ya kamba, zima mlio wa simu, na ukibahatika kuziona karata za mtu, usimtajie mwenzako hata kwa Kiswahili mpaka mgao uishe.